Mavazi ya Vita ya Waskoti wa Kale na Majina Yake

Msikilizaji wetu mmoja alitutumia ujumbe wa sauti baada ya kuangalia filamu ya Braveheart kwenye kibanda cha video. Ile filamu ya mwaka 1995, wengi mnaijua: Mel Gibson anacheza kama William Wallace, uso umepakwa rangi ya buluu, anawaongoza Waskoti dhidi ya mfalme wa Uingereza. Swali lake lilikuwa hivi: "Je, ni kweli Waskoti walienda vitani na nguo za kawaida tu, huku wenzao wamevaa chuma?"

Jibu fupi ni hapana. Waskoti walikuwa na mavazi ya kujikinga ya aina nyingi, na walikuwa na majina yake katika lugha yao wenyewe. Ila ni kweli pia kwamba si kila mtu alikuwa nayo. Nani avae nini lilikuwa jambo la sheria, na sheria iliangalia mali ya mtu. Hapo ndipo habari hii inapotugusa hata sisi tuishio mbali na huko, maana katika mojawapo ya sheria hizo kipimo cha mali ni ng'ombe mmoja.

Ukurasa huu hatukuuwekea picha, ili usile bando lako. Tutaeleza kwa maneno, na mwishoni tumeweka orodha ya majina kwa anayetaka kuyahifadhi.

Kwa kifupi

- Kiskoti ni lugha ya nyanda za chini za Uskoti. Ni ndugu wa Kiingereza, na si sawa na Kigaeli cha milimani na visiwani.
- Vazi la vita lilikuwa na tabaka tatu: nguo nene iliyoshonwa, shati la pete za chuma, na mabamba ya chuma.
- Sheria ya mwaka 1318 ilimtaka kila mtu awe na zana za vita kulingana na mali yake.
- Baadhi ya majina haya yana ndugu zake ndani ya Kiswahili: beseni, jaketi, glavu na chapeo.

Kiskoti ni lugha gani?

Uskoti iko kaskazini mwa kisiwa cha Britania. Katika Zama za Kati lugha kubwa zilikuwa mbili. Milimani na kwenye visiwa vya magharibi watu walisema Kigaeli, lugha iliyo jirani na ile ya Ireland. Kwenye nyanda za chini, katika miji kama Edinburgh na Aberdeen, watu walisema Kiskoti. Lugha hii ilitokana na Kiingereza cha kale cha kaskazini, lakini ikakua kivyake ndani ya ufalme wake wenyewe. Kuanzia mwaka 1424, wakati wa Mfalme James wa Kwanza, sheria za bunge la Uskoti zilianza kuandikwa kwa Kiskoti badala ya Kilatini.

Ukiona maneno ya Kiskoti cha kale yameandikwa, usishangazwe na tahajia. Walipoandika "quh" walikuwa wanatamka kama "hw". Kwa hiyo "quhyt", yaani nyeupe, hutamkwa karibu na "hwit". Tena hapakuwa na tahajia moja. Karani mmoja aliandika hivi, mwenzake akaandika vile, na neno moja unaweza kulikuta kwa sura tano au sita. Hapa tumechagua sura moja kwa kila neno.

Vazi zima la vita, bila kutaja kipande, waliliita "harnes". Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Kiskoti kina neno jingine, "harnis", ambalo maana yake ni ubongo, na fuvu la kichwa huitwa "harn-pan", kama kusema sufuria ya ubongo. Maneno hayo mawili hayana undugu, lakini yanakaribiana kimatamshi. Basi "harnes" ya kichwani ilikuwa na kazi ya kulinda "harnis" za ndani.

Tabaka la kwanza: aketoun

Tuanze na kilichokuwa karibu na mwili. "Aketoun" lilikuwa koti nene la kitambaa, mara nyingi kitani. Lilitengenezwa kwa kuweka nguo juu ya nguo, au kujaza pamba, sufu au vitambaa chakavu katikati, kisha likashonwa kwa mistari kutoka juu hadi chini. Fikiria godoro jembamba lenye mishono mingi, ulivae kama koti refu linalofika kwenye mapaja.

Mtu anaweza kuuliza, nguo itamzuia nani? Lakini pigo la rungu au la ubapa wa shoka huvunja mfupa hata kama halijakata ngozi. Nguo nene hulipokea pigo na kulitawanya, na tabaka nyingi zilizobanwa pamoja humpa kazi hata mwenye upanga. Ndiyo maana aketoun ilivaliwa chini ya chuma na mwenye uwezo, na ilivaliwa peke yake na asiyekuwa na uwezo.

Jina hili lilisafiri njia ndefu. Mwanzo wake ni Kiarabu, "al-qutn", yaani pamba. Likapita Hispania, likaingia Kifaransa, na kutoka Kifaransa likafika Uskoti. Wagaeli nao walikuwa na jina lao, "cotún". Ukienda leo kisiwani Iona, na sehemu nyingine za pwani ya magharibi kama Saddell, utakuta mawe ya makaburi yaliyochongwa sura za mashujaa wa karne ya 14 hadi ya 16. Wengi wao wamevaa koti hilo, na mafundi wa mawe wamechonga hata mistari ya mishono.

Mwanachuoni John Mair, Mskoti aliyechapisha historia yake mwaka 1521, anaeleza jinsi watu wa kawaida wa milimani walivyojikinga. Walivaa kitani kilichoshonwa mara nyingi, kikapakwa nta au lami, na juu yake ngozi ya kulungu. Hakuna kipande cha chuma hapo. Ni vitu vya nyumbani na vya porini, vikifanywa kinga kwa mkono wa fundi.

Tabaka la pili: hawbrek na habirgeoun

Juu ya aketoun palivaliwa shati la pete za chuma. Kila pete ilipitishwa ndani ya nyingine nne, ikafungwa kwa kuribitiwa. Shati moja lilikuwa na maelfu ya pete na uzito wa kilo 10 hivi au zaidi. Ufumaji huo Waskoti waliuita "mailyie".

Shati refu la pete liliitwa "hawbrek". Lililo fupi zaidi liliitwa "habirgeoun". Asili ya neno ni lugha ya kale ya Wafranki, na maana yake ya kwanza ilikuwa kinga ya shingo, kwa sababu "hals" ni shingo. Neno hilo "hals" lilikuwemo pia katika Kiskoti chenyewe kwa maana ileile.

Shati la pete ni zuri dhidi ya makali. Upanga ukilipitia, haukati. Udhaifu wake ni ncha. Mkuki mwembamba au mshale uliopigwa kwa nguvu unaweza kupasua pete na kupenya. Na kwa kuwa shati hili hulegea kama nguo, pigo zito linafika mwilini. Hiyo ndiyo sababu halikuvaliwa juu ya ngozi tupu.

Tabaka la tatu: plait

Kuanzia karne ya 14, mabamba ya chuma yalizidi kuongezwa. Kwa Kiskoti bamba ni "plait". Kwanza yalifunika sehemu zinazoumia haraka, kama magoti, viwiko na kifua. Kufikia karne ya 15, tajiri aliweza kufunikwa chuma kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Vazi hilo kamili liliitwa "quhyt harnes", vazi jeupe, kwa sababu chuma kilisuguliwa hadi kikang'aa na hakikufunikwa kitambaa.

Wengi hudhani mtu aliyevaa hivyo hakuweza hata kuinuka akianguka. Si kweli. Vazi kamili lilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25, na uzito huo uligawanywa mwili mzima. Aliyezoea aliweza kukimbia, kupanda farasi mwenyewe na kuinuka akianguka. Shida yake kubwa ilikuwa joto na pumzi.

Mabamba ya mikono yalikuwa na majina mawili ya Kifaransa: "vambras" ni la mkono wa chini, kutoka kwenye kiwiko hadi kiganja, na "rerebras" ni la mkono wa juu. Kulikuwa pia na "splentis", vipande virefu vyembamba vya chuma vilivyofungwa mikononi au miguuni, vya bei nafuu kuliko bamba zima. Glavu za vita ziliitwa "gluvis of plait", glavu za mabamba.

Kichwa na shingo

Kofia za vita zilikuwa nyingi, na hapa ndipo tunapokutana na ndugu wa maneno yetu.

"Basnet" ilikuwa kofia ya chuma iliyokaa karibu na kichwa, yenye ncha kidogo juu. Neno linatoka Kifaransa na maana yake ni beseni dogo. Beseni tunaloogea au kufulia nalo, jina lake lilitufikia kupitia Kiingereza, na Kiingereza kililitoa kwenye neno hilohilo la Kifaransa. Kwa hiyo basnet na beseni ni watoto wa mama mmoja.

Kofia nyingine ilikuwa na ukingo pande zote, kama kofia ya mkulima ya kuzuia jua, ila ya chuma. Kifaransa waliita "chapel de fer", kofia ya chuma. Neno hilo "chapel" lilipita kwenda Kireno likawa "chapéu", na Wareno wakalileta pwani ya Afrika Mashariki. Sisi tunalo hadi leo. Msomaji wa Waraka kwa Waefeso sura ya 6, katika Biblia ya Kiswahili, anaijua chapeo ya wokovu. Kofia ya wokovu na kofia ya chuma ya askari wa Uskoti zina ukoo mmoja. Jirani yake katika sura hiyo, "dirii", yaani vazi la kifua, lilitoka upande mwingine kabisa, kwenye Kiarabu.

Karne ya 15 ilileta "sellat", kofia yenye mkia nyuma wa kufunika kisogo. Karne ya 16 watu wa kawaida walivaa "knapscall", kofia ya askari asiye na cheo, au "steill bonet", bonet ya chuma cha pua. Bonet ni kofia laini ya kitambaa ambayo Mskoti yeyote aliivaa kila siku, hivyo jina lenyewe linasema: kofia ileile, sasa ya chuma.

Shingoni palivaliwa "gorget", kutoka neno la Kifaransa la koo, au "pesane". Hili la pili lilichukua jina la mji wa Pisa nchini Italia.

Sheria ya ng'ombe mmoja

Sasa tuje kwenye swali la nani alivaa nini.

Mwaka 1314 Mfalme Robert Bruce aliwashinda Waingereza huko Bannockburn, karibu na Stirling. Ushindi haukumaliza vita. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa 1318, bunge lilikutana Scone na kutunga sheria ya ulinzi wa nchi. Iliandikwa kwa Kilatini, na ilisema hivi kwa maana yake:

- Mwenye mali ya thamani ya pauni 10 awe na aketoun nzuri, basnet na glavu za vita, pamoja na mkuki na upanga.
- Asiye na aketoun na basnet awe na habirgeoun nzuri na kofia ya chuma.
- Mwenye mali ya thamani ya ng'ombe mmoja awe na mkuki mzuri, au upinde mzuri na mishale 24.

Aliyekutwa hana alinyang'anywa mali.

Soma tena mstari wa tatu. Mtu wa ng'ombe mmoja alidaiwa mkuki au upinde. Hakudaiwa kofia, koti wala glavu. Mfalme hakugawa vazi la vita, kila mtu alijinunulia, na sheria haikuweza kumdai mtu kitu ambacho hata akiuza kila alichonacho hakipati. Alitakiwa kufika vitani kama mwenzake wa pauni 10, asimame mstari mmoja naye, lakini mwili wake ukiwa na nguo alizolimia.

Kwa hiyo msikilizaji wetu hakukosea kabisa. Wapo Waskoti waliopigana na nguo za kawaida. Walikuwa maskini wao. Lakini rangi ya buluu usoni ni ya filamu tu. Habari za kujipaka rangi zinahusu watu wa kaskazini wa enzi za Warumi, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Wallace. Hata vile vitambaa vya mirabaraba vilivyofungwa kwa mkanda havikuwa vazi la karne ya 13. Vilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 16.

Wapinschaw: siku ya kuonyesha silaha

Sheria bila ukaguzi ni karatasi. Waskoti waliweka siku za ukaguzi na kuziita "wapinschaw". "Wapin" ni silaha, "schaw" ni kuonyesha. Wanaume wa eneo walikusanyika uwanjani, kila mmoja na zana zake, na wakubwa wakapita kuangalia nani anacho na nani hana.

Wafalme walioitwa James, mmoja baada ya mwingine, walirudia sheria hizi. James wa Kwanza alipoona zana ni chache nchini, bunge lake liliagiza wafanyabiashara wanaovuka bahari warudi na mavazi ya vita, mipini ya mikuki na pinde, kila mmoja kwa kadiri ya bidhaa zake. Mwaka 1429 mavazi yalipangwa tena kwa ngazi za kipato. Aliyekuwa na ardhi ya kumwingizia pauni 20 kwa mwaka, au mali ya pauni 100, alitakiwa awe na farasi na silaha kamili kama mungwana. Waliofuata chini yake walipangiwa vipande vichache zaidi.

Michezo nayo iliingizwa humo. Mwaka 1424 mpira wa miguu ulipigwa marufuku. Mwaka 1457, chini ya James wa Pili, bunge liliagiza wapinschaw ifanyike mara nne kwa mwaka, na likakataza mpira na gofu ili vijana wafanye mazoezi ya kulenga kwa upinde. Hiyo ndiyo sheria ya zamani inayojulikana sana leo, kwa kuwa ndipo gofu inapotajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi. Gofu na mpira vilipigwa marufuku tena baadaye, jambo linaloonyesha kwamba vijana hawakusikia.

Jak: vazi la fundi cherehani

Vazi lililowafaa watu wengi zaidi katika karne ya 15 na 16 lilikuwa "jak". Ni mrithi wa aketoun: koti la turubai la tabaka kadhaa. Baadaye lilikuja "jak of plait", koti hilohilo lenye vibamba vidogo vya chuma ndani.

Lilitengenezwa hivi. Vibamba vya mraba vya sentimita chache vilitobolewa tundu katikati. Vikapangwa vikipandana kidogo, kama magamba ya samaki, kati ya tabaka mbili za turubai. Kisha fundi akapitisha uzi mnene kwenye kila tundu na kuukaza kwa mistari ya kukatana. Likikamilika, mtu anaona koti tu lenye mishono mingi. Chuma kiko ndani.

Faida yake ilikuwa kubwa. Halikuhitaji mhunzi bingwa wa kukunja bamba kwa kipimo cha mwili wa mtu. Vibamba vingine vilikatwa kutoka kwenye mavazi ya zamani yaliyochakaa, kama mafundi wetu wanavyokata pipa kuukuu wakapata majiko. Likichanika, lilishonwa nyumbani. Na lilimwezesha mtu kugeuka, kuinama na kupanda farasi bila shida. Majak machache ya namna hii yapo hadi leo, na baadhi yamehifadhiwa katika makumbusho ya silaha ya Leeds nchini Uingereza.

Waliolipenda zaidi walikuwa watu wa mpakani kati ya Uskoti na Uingereza. Huko, koo za pande zote mbili ziliibiana ng'ombe na kondoo usiku kwa usiku, kizazi baada ya kizazi, mpaka mataji mawili yalipounganishwa mwaka 1603 na mpaka ukadhibitiwa. Mwizi wa mifugo na aliyemfukuza walivaa sawa: jak na steill bonet.

Na hapa kuna ndugu mwingine. Wafaransa waliliita koti hili "jaque", na lile dogo wakaliita "jaquet". Kutoka hapo Kiingereza kikapata jina lake, na sisi tukapata jaketi. Kijana anayefunga jaketi kabla ya kuwasha bodaboda asubuhi ya baridi anataja jina la vazi la vita bila kujua.

Flodden na Pinkie: vazi liliposaidia na liliposhindwa

Tarehe 9 Septemba 1513, Mfalme James wa Nne alipigana na Waingereza huko Flodden. Waskoti wa mistari ya mbele walikuwa wamevaa vizuri. Barua ya askofu wa Durham, aliyekuwa upande wa adui, inasema walifunikwa chuma kiasi kwamba mishale haikuwadhuru. Hata hivyo walishindwa. Walikuwa na mikuki mirefu sana, ardhi ilikuwa na tope na mteremko, mistari ikavunjika, na Waingereza wenye silaha fupi zaidi wakaingia katikati yao. Mfalme mwenyewe aliuawa, pamoja na wakubwa wengi wa nchi. Vazi lilizuia mishale, lakini halikuweza kupanga upya mstari uliovunjika.

Mwaka 1540, James wa Tano alirudia kuagiza mavazi. Orodha ya sheria hiyo ni kama duka zima: quhyt harnes kwa wakubwa, na kwa wasio na ardhi jak of plait, "halkrik" (vazi jepesi la mabamba ya kifua na mgongo), splentis, sellat au steill bonet, na pesane au gorget.

Miaka saba baadaye, tarehe 10 Septemba 1547, yakaja mapigano ya Pinkie, karibu na Musselburgh. Mwingereza aliyekuwepo, William Patten, aliandika aliyoyaona, na kitabu chake kikatoka mwaka 1548. Anasema Waskoti walivaa karibu sawa wote, mkubwa na mdogo: majak yaliyofunikwa ngozi nyeupe au kitambaa. Wengi walizungusha vitambaa shingoni mara mbili au tatu, si kwa ajili ya baridi bali kuzuia kukatwa. Wengine walizungusha minyororo ya shaba nyeupe mara nne au tano kwenye mapaja na mikono kwa sababu hiyohiyo.

Usawa huo wa mavazi ulikuwa na gharama yake. Vita vya siku zile vilikuwa na biashara ndani yake: ukimkamata tajiri, humuui, unamshika mpaka ndugu zake walete fidia. Mtu alijulikana kuwa tajiri kwa vazi lake. Patten anasema kwa kuwa Waingereza hawakuweza kumtofautisha bwana na mtumishi wake, wakubwa wengi waliuawa na wachache tu wakakamatwa wakiwa hai. Vazi la kung'aa lilimkinga tajiri mara mbili: kwa chuma chake, na kwa kutangaza kwamba mwenyewe ana thamani akiwa hai. Mtu wa ng'ombe mmoja hakuwahi kuwa na kinga hiyo ya pili.

Mavazi ya siri

Si vita vyote vilikuwa vya uwanjani. Katika nchi yenye visasi, mtu angeweza kuvamiwa sokoni au njiani kutoka kanisani. Kwa hiyo kulikuwa na vazi liitwalo "secret": shati la pete lililovaliwa chini ya nguo za kawaida ili adui asijue.

Mshairi anayejulikana kama Blind Harry, aliyetunga hadithi ndefu ya maisha ya Wallace miaka ya 1470, anamvika shujaa wake hivyohivyo: habirgeoun chini ya joho, kofia ya chuma ndani ya bonet, na glavu za mabamba zilizofunikwa kitambaa. Harry aliandika zaidi ya miaka 150 baada ya Wallace kunyongwa London mwaka 1305, kwa hiyo anatuonyesha zaidi mavazi ya zama zake mwenyewe. Lakini kwa wasomaji wake, Wallace alikuwa mtu aliyejikinga kwa akili, wala hakuwa mtu wa kifua wazi.

Majina yamehifadhiwaje?

Chuma huota kutu na turubai huoza. Majina yamedumu kwa sababu makarani waliyaandika: kwenye sheria, kwenye hesabu za hazina ya mfalme, kwenye wosia, kwenye kesi za mahakamani. Katika miaka ya 1920, William Craigie, mtaalamu wa kamusi, alianza kazi ya kuyakusanya maneno yote ya Kiskoti ya tangu karne ya 12 hadi mwaka 1700. Hakuishi kuiona ikimalizika. Wengine waliipokea, na kamusi ikakamilika mwaka 2002 ikiwa na juzuu 12. Tangu 2004 inasomeka bure kwenye intaneti.

Lugha yenyewe haijafa. Katika sensa ya mwaka 2011, watu wapatao milioni 1.5 nchini Uskoti walisema wanaweza kuisema, ingawa kwa muda mrefu watoto walikanywa shuleni wasiitumie na kuambiwa ni Kiingereza kibovu. Wengi wenu mnaosema lugha za nyumbani mnajua maneno kama hayo yanavyouma.

Orodha ya majina

- Harnes: vazi la vita kwa ujumla.
- Aketoun: koti nene la kitambaa lililoshonwa mistari.
- Mailyie: ufumaji wa pete za chuma.
- Hawbrek: shati refu la pete.
- Habirgeoun: shati fupi la pete.
- Plait: bamba la chuma.
- Quhyt harnes: vazi kamili la mabamba yanayong'aa.
- Vambras na rerebras: kinga ya mkono wa chini na wa juu.
- Splentis: vipande vyembamba vya chuma vya mikono au miguu.
- Gluvis of plait: glavu za mabamba.
- Basnet: kofia ya chuma iliyobana kichwa.
- Sellat: kofia yenye mkia wa kufunika kisogo.
- Knapscall na steill bonet: kofia za chuma za watu wa kawaida.
- Gorget na pesane: kinga ya shingo na kifua cha juu.
- Jak na jak of plait: koti la turubai, na lile lenye vibamba ndani.
- Halkrik: vazi jepesi la mabamba ya kifua na mgongo.
- Secret: shati la pete la kuficha chini ya nguo.
- Wapinschaw: siku ya kukagua silaha.

Ukiona filamu nyingine ikakuachia swali, tutumie ujumbe kama alivyofanya mwenzako. Na ukiwa na mzee kijijini anayekumbuka majina ya ngao, mikuki na mavazi ya vita katika lugha yenu ya nyumbani, muulize sasa na uyaandike. Waskoti wanayo yao kwa sababu kuna mtu aliyaandika.